Mita 200 toka kwenye gari tunazijua, toka kwa mnyama je? Barua ya wazi kwa Wizara ya Maliasili na TAWA

Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii, Katibu Mkuu, na wewe Kamishna wa Uhifadhi pale TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, Morogoro, shikamooni wote kwa pamoja. Najua kuna wadogo zangu kiumri humo ndani ila cheo kikubwa nacho kinaamkiwa.

Mi ni traka mstaafu, yaani yule anayefuata nyayo za mnyama na kumwongoza mwindaji mpaka alipo. Misimu 14 nimetembea mbele ya wateja, mingi huku kusini upande wa Liwale na miaka ya mwisho magharibi kidogo, kilichonitoa kazini ni goti. Naandika kwa simu, mkikuta nukta haipo mahali pake mnivumilie, na kabla mtu hajaruka kusema huyu katumwa na wale wanaotaka uwindaji ufutwe niseme mapema kwamba uwindaji ndo umenisomeshea watoto watatu na ndo umenijengea hii nyumba nnayoandikia. Nnacholalamikia ni kitu kimoja tu, umbali ambao wateja wanampigia mnyama risasi.

Msimu mmoja, sitasema mwaka wala kitalu cha uwindaji wala kampuni maana kuna watu bado wanakula humo, alikuja mteja na bunduki ambayo sijawahi kuibeba mfano wake. Nimebeba .375, nimebeba .416, hizo namba ni kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu, nimebeba hata zile dabo za mitutu miwili za wazee wa zamani, lakini hii ilikuwa ndefu kama mchi, mtutu mnene, miguu miwili ya chuma kwa mbele, mdomoni ina dude la kupunguza kelele na juu imekaliwa na darubini kubwa kama chupa ya chai. Bega langu lilielewa siku ya kwanza tu kwamba hii haikutengenezwa kwa ajili ya mtu anayetembea. Kwenye begi ana kidude chenye kifeni cha kupimia upepo, ana kipima umbali, ana programu kwenye simu ya kukokotoa risasi itashuka kiasi gani. Mtu mwema kabisa, simsemi vibaya, alitugawia soksi na tochi na alikuwa anaamka mapema kuliko mpishi.

Siku ya tatu tukaona pofu, wale swala wakubwa kama ng'ombe, kundi la kama 20 hivi, ng'ambo ya mbuga, yaani uwanda wazi wa majani. Sasa sisi kwa mazoea yetu hapo ndo kazi inaanza, unashuka na kimfuko chako cha majivu, unakitikisa unaangalia vumbi linaelekea wapi, unazunguka mpaka upepo uwe unakupiga usoni, unaingia korongoni, unatambaa, unasimama, mbung'o wanakula shingo na huruhusiwi kuwapiga. Babu niliyejifunza kwake kazi alikuwa ananiambia ukiona mkia unafukuza inzi bado hujafika, ukiona sikio linatikisika unakaribia, ukiona jicho lilivyolowa ndo mwite mzungu. Nikaanza kushuka. Mteja akasema hapana, tunapigia hapa hapa, akalala juu ya kichuguu akaweka miguu ya bunduki yake vizuri. Kipima umbali kikasoma mita 640. Mwindaji bingwa wetu, yule anayeongoza wateja porini, akamwangalia mteja, akaniangalia mimi, na mimi nikaangalia majani maana mi nani niseme.

Akapiga. Bunduki ikalia kwa aibu kama mtu kakohoa, pakawa kimya, nikahesabu moja, mbili, karibu tatu, ndo ile pwaa ya risasi kuingia kwenye nyama ikaturudia. Dume likajikunja mgongo kama paka likaondoka na wenzake taratibu tu. Traka yeyote atakwambia mnyama akijikunja hivo maana yake nini. Tumbo.

Afu ndo tukajua umbali ni kitu gani. Mbuga ya udongo mweusi uliopasuka, majani kifuani, tulitumia dakika kama 25 kufika, na tulipofika hakuna aliyejua pofu alikuwa amesimama wapi hasa, kwasababu toka kichuguuni uliuona mti mmoja na ulipofika ng'ambo miti yote ni ule mmoja. Tukatawanyika. Damu tuliipata baadae kabisa, kidogo, nyeusi, ina vipande vya majani yaliyotafunwa na harufu yake mnaijua waliowahi kupasua tumbo la ng'ombe. Ya mapafu ingekuwa ya pinki na povu, hiyo unatembea mita 100 unamkuta kalala. Hii ya tumbo unatembea siku. Tulifuata mpaka giza, tukalala, usiku tukawasikia fisi kwa mbali kila mtu kimya hakuna anayetaka kusema, kesho yake saa nne tukaona tai wanashuka. Alikuwa ametembea zaidi ya kilomita 7. Nyuma kote kumeliwa, tumbo limeliwa, kilichobaki ni mabega na kichwa. Risasi iliingia shubiri moja na nusu nyuma ya pale ilipotakiwa, kwasababu yule bwana alipima upepo wa kichuguuni, na mbuga ina upepo wake.

Picha ikapigwa upande wa kichwa.

Kwenye gari tulikuwa watano na watatu ni Waislamu. Waheshimiwa, sijui kama mnalijua hili mkiwa ofisini, lakini kwenye kambi nyingi mnyama akianguka kuna mtu anakimbia na kisu awahi kumchinja kabla roho haijatoka, ili nyama iliwe na wote, kambini na kijijini. Mita 80 unawahi. Mita 150 ukiwa na miguu mizuri unawahi. Mita 640 hata akianguka palepale, hata risasi iwe ya moyo, utamkuta ameshapoa. Na pofu dume mkubwa anapita kilo 700, hiyo ni kitoweo cha kijiji, imeenda kwa fisi na tai, nao wana haki yao sawa lakini sio wao waliokubali ardhi ya kijiji iwe pori.

Najua mtaambiwa na wataalamu kwamba silaha za sikuhizi ni sahihi sana, na ni kweli, ule mtutu kwenye shabaha ya bati ulikuwa unapiga palepale mpaka unacheka. Tatizo bati halitembei na bati haliumwi. Risasi ya hizi kaliba za kisasa inachukua zaidi ya sekunde moja kufika mita 800, njiani imeshuka kama mita 5, yaani unalenga hewani juu ya mnyama, na upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ambao wewe unaita upepo mzuri wa kuanikia nguo, unaisukuma kama mita nzima. Mahali pa kumpiga swala pala afe hapazidi sahani ya chai. Sasa ndani ya hiyo sekunde swala anainua kichwa anapiga hatua moja kwenda kwenye jani la mbele, hatua moja tu, na risasi uliyoilenga kwenye moyo inamkuta kiunoni. Hapo mpigaji hajakosea hata kidogo! Amefanya kila kitu sawasawa na bado mnyama ameoza akiwa hai. Na nguvu ya risasi ikifika huko imebaki chini ya nusu ya ile iliyotoka nayo mdomoni.

Kuna jambo jingine wanalolijua matraka tu, na hili naomba mlisome mara mbili. Sheria yetu ni nzuri, mnyama aliyejeruhiwa akapotea anahesabika ameuawa na mteja analipa. Lakini nani anasema kajeruhiwa? Kwenye mita 80 naona manyoya yanaruka, nasikia, naona mguu unalegea, mteja hawezi kunidanganya. Kwenye mita 600 vumbi limeruka, kundi limekimbia, mteja kanyanyua uso anasema nimekosa. Haya, amekosa. Jua kali, mbuga mbele yetu, gari liko nyuma, na kuna kundi jingine limeonekana upande wa pili. Nani atavuka dakika 25 kwenda kutafuta tone la damu la mnyama ambaye mwenye hela amesema kamkosa? Niwaambie ukweli wangu mwenyewe kwa aibu, kuna mara ambazo sikuvuka.

Na wale ambao hatukuvuka kuwafuata hawaishii hewani. Jamaa yangu mmoja mlinaji wa asali alikutana na nyati asubuhi kwenye njia anayopita miaka yote, mzinga begani hana hata panga. Alivunjwa nyonga. Nyati alipouawa na askari wa wanyamapori siku mbili baadae alikutwa na kidonda pajani kinatoa usaha, ndani kuna risasi ya zamani. Ile risasi ilipigwa toka mbali au karibu siwezi kuapa, nyati anajeruhiwa hata kwenye mita 50 na watu wenye mikono inayotetemeka. Nnachojua ni kwamba aliyeipiga alishapanda ndege, na mlinaji sasa anatembea na fimbo. Mkisema gharama ya mnyama aliyejeruhiwa inalipwa, inalipwa wapi na nani anaipata, hebu muulizeni mke wake.

Sasa tuje kwenye sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 na kanuni zake tunazijua kwa miguu yetu. Mteja asipige akiwa garini, ashuke asogee mita 200 toka kwenye gari ndo apige. Nyati, tembo, simba, kaliba isiwe chini ya .375. Simba awe na miaka 6. Yote hayo yana akili ndani yake, ile ya gari maana yake ni kwamba mtu atembee, amfuate mnyama kwa miguu, ampe nafasi. Lakini mtu akishuka garini, akatembea hizo mita 200 kwenda nyuma kwenye kichuguu kizuri, akalala na kumpiga pofu aliye mita 640, sheria ameitii yote. Misimu 14 sijawahi kumuona askari akimsimamisha mteja kwa sababu mnyama yuko mbali mno, na siwalaumu, angeshika kipengele gani mkononi?

Na hiyo ya umri nayo. Nyati dume unamjua mzee kwa ile ngome ya pembe kichwani, ikiwa ngumu yote mpaka katikati huyo amemaliza kazi yake kwenye kundi mpige, ikiwa bado ina ulaini na nywele katikati muache bado anapanda. Kwa darubini toka mbali kwenye mvuke wa jua la saa saba hiyo ngome inacheza kama maji. Pofu jike ana pembe kama dume, tena ndefu zaidi. Kundi limesimama limefichana, nyuma ya dume kuna mtamba, risasi ikipita inapita. Ukiwa karibu unasubiri wapishane, ukiwa mbali hata huoni kama kuna wa nyuma.

Mnyama ana pua, ana masikio, ana macho. Hivyo vitatu ndo silaha yake, na sisi matraka mshahara wetu wote ni kumshinda kwenye hivyo vitatu, mara nyingi anatushinda yeye na tunarudi kambini tunacheka. Kwenye mita 700 amenyang'anywa vyote, hata harufu yetu haijamfikia. Mi hiyo siiti kuwinda, kwa Kiswahili ina jina lake tayari, ni kudungua. Tena mnajua Frederick Selous, yule mwindaji Mwingereza ambaye pori letu lilibeba jina lake miaka yote hiyo, ujanani alikuwa anafuata tembo kwa miguu na gobore kubwa za kushindilia ambazo usiposogea huui, na mwisho wake alidunguliwa na Mjerumani mahali panapoitwa Beho Beho, Januari 4, 1917, kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Kaburi lake liko palepale, sasa ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wenye vita walikuwa na sababu zao za kupigana toka mbali, adui naye ana bunduki. Pofu ana nini?

Wala msidhani nawaletea mambo ya wanaharakati. Huko Marekani kwenyewe zinakotoka hizi bunduki wawindaji wanabishana wao kwa wao. Kuna klabu inaitwa Boone and Crockett, ya wawindaji haswa, aliianzisha Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wao, mwaka 1887, huyuhuyu aliyeshuka Mombasa 1909 na yeye na mwanawe wakaua wanyama 512, kwahiyo sio watu wa kulia lia. Hao wametoa msimamo kwamba mtu akipiga toka mbali kwa ajili ya kujaribu silaha yake inafika wapi kwenye kitu kilicho hai, bila nia ya kumkabili mnyama, huko sio kuwinda na kusipewe heshima ya kuwinda. Wakasema pia umbali mrefu haupimwi kwa mita tu, unapimwa kwa nia ya mtu. Jimbo la Idaho lenyewe limekataza kuwindia wanyama wakubwa kwa bunduki inayozidi ratili 16, kama kilo 7 na kitu, na mi naona mtu haendi porini na zigo kama hilo kama ana mpango wa kutembea. Miaka kumi na zaidi sasa kuna kampuni ya Texas imeshauza bunduki zenye kompyuta kwenye darubini, unamwekea mnyama alama, unashika kifyatulio, yenyewe inasubiri mpaka mtutu ukae sawa ndo inafyatua. Sasa hapo nani kawinda, mteja au betri?

Kuna mwindaji bingwa mmoja namheshimu sana tulibishana hili kwenye moto wa jioni, akaniambia mzee, mteja aliyefanya mazoezi mwaka mzima kwenye mita 500 ni bora kuliko daktari aliyenunua bunduki wiki iliyopita anatetemeka kwenye mita 60. Sikuwa na jibu usiku ule. Ni kweli, wanaotetemeka nimewaona wengi, mmoja alifunga macho. Ila kesho yake njiani nikapata jibu, kwamba yule wa mita 60 akikosea mi niko pale, bingwa yuko pale na bunduki yake tayari, risasi ya pili inatoka kabla mnyama hajageuka, na kama anakimbia nimeona kaingilia kwenye mti upi. Kosa la karibu lina watu wa kulirekebisha. La mbali linarekebishwa na fisi.

Nyingine ni hela, najua. Mtaambiwa tukiweka masharti wateja watahamia nchi nyingine za kusini mwa Afrika. Wachache watahama, waende. Mteja anayekuja Tanzania siku 21 kwa bei ile anakuja kwasababu huku bado kuna pori lisilo na uzio na watu wanaojua kufuata unyayo, kupiga mita 800 angeweza kupigia kwao kwenye mbuzi wa milimani. Tunachouza sisi ni ile saa ya mwisho ya kutambaa. Nimewaona watu wazima, matajiri, wanalia kwenye majani sio kwa sababu wameua, kwa sababu nyati alipita mita 20 na wamemsikia anavyopumua. Hao wanarudi. Yule wa kichuguu hakurudi, alipata video yake.

Ombi langu kwenu halihitaji semina. Wekeni kwenye kanuni mwisho wa umbali kwa risasi ya kwanza, mi ningesema mita 100 kwa nyati na wenzake wakali, mita 200 kwa swala na pofu na kongoni na hao wengine, ya pili na kuendelea mnyama akishajeruhiwa piga popote anapoonekana umalize mateso yake, hapo hakuna wa kubishana. Darubini zenye kompyuta na bunduki za kujifyatulia zizuiwe zikiwa bado airport. Mnyama akipigwa au ikidhaniwa kapigwa, safari nzima isimame mpaka sehemu aliyokuwa amesimama ifikiwe kwa miguu na askari akiwepo, hata mteja akisema amekosa, hasahasa akisema amekosa. Na askari apewe neno la mwisho la kusema hapa mbali, hatupigi, bila kuogopa kwamba kesho atahamishiwa kituo kingine.

Kama yote hayo ni mengi basi anzeni na moja. Ile fomu askari anayojaza mnyama akishaanguka ina tarehe, ina jinsia, ina mahali. Ongezeni safu moja tu, umbali wa risasi ya kwanza kwa mita. Kipima umbali wanacho wenyewe wateja, hakuna gharama. Mkimaliza msimu mmoja mkazikusanya hizo fomu pale Morogoro mkaweka pembeni waliojeruhiwa wakapotea na umbali wao, hamtahitaji barua ya traka. Msimu unafunguliwa Julai, fomu bado hazijachapwa.

Wenu,
Traka mstaafu, Liwale